Mstari wa Saa Nane Mchana

Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu Kitinda,

Salamu zitafuata nikipata pumzi. Nakuandikia kutoka dukani, kwenye kompyuta hii hii ninayochapia watu barua za kuomba kazi. Sikupigii simu kwa sababu kaka yako yuko nyuma ya pazia, amekaa juu ya boksi la karatasi, anasikiliza kila ninachosema kama mtoto aliyefukuzwa shule. Tangu wamsimamishe kazi hataki kubaki nyumbani peke yake.

Kwa mama umesikia juu juu, najua. Acha nikueleze mimi. Pale mtambo wa maji walileta mashine mpya ya kutilia dawa kwenye tangi. Haina akili yake; inafuata faili moja la maandishi, kila saa ya kila siku ya juma ina mstari wake: siku, saa, kipimo cha dawa, dakika za kusukuma. Kaka yako ndiye aliyepewa kazi ya kulitoa faili kwenye kompyuta ya zamani na kulitia kwenye mashine mpya. Wakaiwasha Jumatano asubuhi, picha zikapigwa, mkuu wa mtambo akakata utepe. Ilipofika mchana ikamwaga dawa kupita kiasi. Watu wa mtaa wa chini walichomwa koo na macho. Bibi mmoja mpaka leo anapumulia oksijeni.

Mkuu anasema kaka yako aliligusa faili. Yeye anaapa alilihamisha kama lilivyo, toka kompyuta hadi flashi, toka flashi hadi mashine, bila kituo njiani. Kamati inakaa Ijumaa. Akikutwa na kosa kazi imekwenda, na mjukuu wa yule bibi ameshasema atamshtaki yeye, si mtambo.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi amepewa mafaili yote mawili, la zamani na lile lililokutwa kwenye mashine. Ninakuambatanishia. Kaka yako anasema ipo programu ya kulinganisha mafaili, uliwahi kumwonyesha. Yapitishe humo, andika kwamba ni sawa, tia sahihi yako na cheo chako cha kazini.

Mimi na wewe hatujawahi kuwa chanda na pete. Siku ya posa ulinitazama kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni. Lakini huyu alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu.

Wifi yako,
Mama Kopi

*

Jumanne, 4 Juni

Wifi,

Keti kwanza, na pazia livute vizuri.

Programu yenyewe inaitwa diff. Haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika jina lake, jina la faili la kwanza, jina la faili la pili, unabonyeza. Inakuonyesha mistari isiyofanana tu. Ninaitumia kila siku kazini, na niliketi mbele yake leo nikiwa na uhakika kwamba itanionyesha kitu kimoja kidogo, au hakuna.

Ilinionyesha faili zima. Hakuna hata mstari mmoja, toka Jumatatu hadi Jumapili, unaofanana na mwenzake. Nilidhani nimekosea majina, nikarudia. Ikamwaga yote tena.

Mtu akihamisha faili kama lilivyo, wifi, haliwezi kutoka hivi. Hili limeandikwa upya lote. Mwulize kaka alifanya nini. Usimwulize kwa upole, kwa upole anajua kupita pembeni, alikuwa hivyo tangu utotoni. Mimi siwezi kutia sahihi jambo ambalo mashine yangu inalikataa.

Nasubiri.
Kitinda

*

Jumanne, 4 Juni, jioni

Kitinda,

Nimemwuliza. Aliacha chakula mezani na kutoka nje. Umefurahi?

Ulivyoandika ni kama polisi, si mtoto wa mama mmoja. "Mwulize alifanya nini." Nikikuambia alifanya nini utaamini? Amekusomesha kwa zamu za usiku yule, wewe ukilala bweni na blanketi jipya.

Nami nina macho. Nimeyafungua mafaili yote mawili hapa dukani. La zamani lilikataa kukaa sawa: limekuja kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho, na kila baada ya namba chache pana kijisanduku cheusi. Lile la mashine likafunguka vizuri tu, limepangika, kila saa na mstari wake. Lakini namba ni zile zile! Nimezifuata kwa rula Jumatatu nzima, hakuna iliyobadilika. Hiyo programu yako ndiyo ya kupelekwa kwa daktari.

Kama hutaki kumsaidia sema hutaki. Usitafute sababu kwenye dirisha jeusi.

Mama Kopi

*

Jumatano, 5 Juni

Wifi yangu,

Nisamehe. Umeniokoa na aibu, wewe na vijisanduku vyako.

Kompyuta hazikubaliani jinsi ya kumaliza mstari. Aina moja huweka alama moja mwishoni, aina nyingine huweka mbili, na alama zenyewe mtu hazioni. Faili la zamani lina moja, la mashine lina mbili, kwa hiyo kwa diff kila mstari ni tofauti ingawa namba ni zile zile. Kompyuta yako ikikutana na zile za aina nyingine inazigeuza vijisanduku. Nilipaswa kulifikiria hili kabla ya kumhukumu mtu wa damu yangu. Nimelijua miaka yote hii, na siku lilipohitajika nikalisahau.

Kwa hiyo nimeiambia programu ifumbe macho: nimeongeza amri ya kupuuza nafasi zote tupu na alama zote zisizoonekana, itazame herufi na namba peke yake. Ikanyamaza. Ndivyo inavyosema kwamba mafaili ni sawa, haisemi kitu. Nilikaa nikiutazama ule ukimya mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza, "Vipi, umeposwa?"

Taarifa yenye sahihi yangu nimeiambatanisha. Mpe mwakilishi. Na mwambie kaka ale.

Kitinda

*

Alhamisi, 6 Juni

Kitinda wangu, macho yangu, wifi wa dhahabu!

Amekula. Amekula cha kwake na cha kwangu. Mwakilishi aliipeleka taarifa yako ofisini asubuhi hii na mkuu wa mtambo aliisoma mwenyewe, mara mbili, akabaki anakuna kidevu. Wanasema kikao cha kesho kitakuwa kifupi. Kama faili halina kosa basi kosa lilikuwa la pampu, nao wameshabadilisha pampu. Jumamosi asubuhi mashine inarudi kazini, na faili lile lile, maana sasa limethibitishwa na mtaalamu. Mtaalamu ndiye wewe!

Kaka yako anajigamba kwa kila anayekuja kutoa kopi. "Dada yangu ameandika karatasi, mkuu kaisoma mpaka jasho." Nimemwambia angalau awe anawalipisha.

Yale niliyoyaandika juzi ya blanketi yafute. Ilikuwa hasira.

Wifi yako,
Mama Kopi

*

Alhamisi, 6 Juni, mchana

Wifi,

Nimekupigia wakati wa chakula, hupokei. Nimempigia kaka, simu imezimwa. Isome hii barua ukiwa umesimama mbali na wateja.

Nilipofika pale uliposema mashine inarudi kazini na faili lile lile, niliacha kusoma. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kutia sahihi: niliambiwa nilinganishe, kwa nini nikaanza kwa kufumba macho? Ipo amri nyembamba zaidi, ya kupuuza alama za mwisho wa mstari tu, na kuacha nafasi za katikati zihesabiwe. Nilichukua ile pana kwa sababu niliutaka ule ukimya. Leo nimetumia ile nyembamba. Tofauti ni moja. Ya juu ni ya faili la zamani, ya chini ni ya mashine:

jumatano 14 2 5
jumatano 14 25

Huo ni mstari wa saa nane mchana. Wa zamani unasema: kipimo mbili, sukuma dakika tano. Wa mashine, nafasi iliyokuwa kati ya mbili na tano imefutika. Mashine ikasoma kipimo ishirini na tano. Dakika hazikuandikwa, ikajiamulia yenyewe. Nilipoiambia programu isione nafasi tupu, niliifichia hicho hicho tu kilichokuwa cha kuonwa.

Na zile alama mbili za mwisho wa mstari. Kompyuta zote za mtambo ni za aina ya alama moja, kaka aliniambia mwenyewe. Ya kwako ni ya alama mbili. Faili la mashine lilifunguka vizuri dukani kwako, limepangika, kwa sababu hapo ndipo lilipopangwa. Ulisema halikuwa na kituo njiani. Lilikuwa nacho.

Kwa nini lilifika dukani, wifi? Taarifa yangu ni ya uongo na jina langu liko chini yake. Jumamosi asubuhi watu watafungua mabomba, na Jumatano saa nane itafika tena.

Nijibu leo.
Kitinda

*

Alhamisi, 6 Juni, jioni

Kitinda,

Sasa nakuandikia yale niliyokuficha, kwa hiyo vumilia.

Kaka yako haoni. Si giza kabisa. Ukungu, katikati ya jicho, yote mawili, zaidi ya mwaka sasa. Barua zako namsomea mimi. Kazini amekariri vitufe kwa vidole. Anajua wakigundua watamtoa chumba cha mitambo siku hiyo hiyo, na daktari anayeweza kuyatibu yuko mbali, na amekuwa akisema subiri, subiri kidogo, nipate likizo. Mficha maradhi, unajua mwenyewe methali inavyomalizia. Nimemwambia mara ngapi.

Alilileta faili hapa ili alitazame kwenye kioo changu kikubwa, herufi zikuzwe, ahakikishe kabla ya kulitia kwenye mashine. Alitaka kuwa mwangalifu, wifi! Likafunguka na vile vijisanduku. Tukadhani ni uchafu wa kompyuta ya zamani, kwamba vitaikwamisha mashine mpya. Tukavifuta kimoja kimoja, kufuta kijisanduku, kuingiza mstari mpya, kufuta, kuingiza. Yeye kwenye kibodi, mimi nikimsomea. Tulifurahi tulipomaliza, lilikuwa safi kama nguo iliyopigwa pasi. Basi mahali pamoja mshale ulikosea nafasi, kidole kikafuta pengo kabla ya kufuta kijisanduku. Ndiyo hivyo tu.

Sasa nisikilize. Usiandike tena. Kesho kikao kitakwisha mchana, atarudishiwa ufunguo wake. Ataingia chumba cha mitambo, nitamwandikia mstari sahihi kwenye flashi, atauweka. Pengo moja, wifi. Kubonyeza mara moja. Watu watakunywa maji salama, yeye atabaki na kazi, likizo atayatibu macho. Nani ataumia?

Nakuomba kama ninavyomwomba mama yangu mzazi. Kaa kimya mpaka Jumamosi.

Mama Kopi

*

Ijumaa, 7 Juni, asubuhi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uchunguzi
Nakala: Mkuu wa Mtambo wa Maji

YAH: KUONDOA TAARIFA YANGU YA TAREHE 5 JUNI

Ndugu Mwenyekiti,

Naiondoa taarifa niliyoitia sahihi nikisema mafaili mawili ya kipimo cha dawa ni sawa. Si sawa. Niliyalinganisha kwa amri inayopuuza nafasi tupu zote, na tofauti iliyopo ni ya nafasi tupu. Nimeambatanisha mstari wenyewe, katika mafaili yote mawili, pamoja na amri sahihi, ili mtu wenu yeyote airudie na kujionea.

Faili la mashine lilihifadhiwa kwenye kompyuta ya aina nyingine kabla ya kufika kwenye mashine. Programu haielezi ni nani aliyelibadilisha wala kwa nia gani.

Naomba mashine isiwashwe na faili hilo, na lisirekebishwe kwa kificho na mtu mmoja peke yake, hata akiwa na nia njema.

Mimi ni dada wa fundi mnayemchunguza. Nilipaswa kuliandika hilo katika taarifa ya kwanza.

Wenu,
Mwandishi wa programu

*

Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu,

Nachapa kwa simu, herufi kubwa kama matofali, maneno matatu yanajaza kioo. Usinicheke. Wifi yako hajui kama ninaandika.

Mwenyekiti aliisoma barua yako kwa sauti. Alipofika pale pa kificho niliinama, nikajua yote mmeshaambizana. Mwakilishi wa chama akaninong'oneza, "Kanusha, sema hulijui hilo faili." Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Lakini mjukuu wa yule bibi alikuwa amekaa mbele yangu, na ukungu wangu ulikuwa umekaa juu ya uso wake. Nikasimama. Nikasema macho yangu yamekufa zaidi ya mwaka, nililipeleka faili dukani kulitazama, na mkono uliolifuta pengo ni wangu.

Kijana akaniuliza, "Mimi unaniona?"

Nikamwambia, "Shati tu, mdogo wangu. Sura siioni."

Kisha mzee mmoja wa kamati akamgeukia mkuu, "Na nyie mlioona, nani alilisoma faili kabla ya kukata utepe?" Mkuu akanywa maji.

Kazi imekwenda. Kesi, kijana amesema atafikiria, kwa kuwa bibi ameanza kupumua mwenyewe. Mashine haikuwashwa. Siku ya Ijumaa nilikukasirikia mpaka mikono ikauma. Jumamosi asubuhi nikasikia jirani anafungua bomba, na watoto wake wanapiga kelele za kuoga, nikakaa kitandani nikasikiliza. Sijui sasa nimekukasirikia kiasi gani. Kidogo bado.

Lakini sababu ya kuandika ni nyingine, na ni kati yangu na wewe.

Wifi yako anaamini nilikuwa kwenye kibodi mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa hivyo. Jumatatu na Jumanne nilizifanya mimi. Macho yakaanza kutoa machozi, nikamwambia nipokee, nikaegemea ukuta. Jumatano yote ameifanya yeye, huku anamhudumia mteja wa pasipoti, huku wanapiga soga. Alhamisi nikarudi mimi. Kwake kilikuwa kitu kidogo, kama kumpokea mtu mfuko, kikamtoka kichwani. Mimi hakijanitoka.

Akijua ni mkono wake, hatanyanyuka. Kila siku anapita mbele ya nyumba ya yule bibi akienda dukani. Mimi la macho nimelibeba, na hili nitalibeba. Limo kwenye maandishi ya kamati kwa jina langu, na libaki hapo. Kama siku moja atakuuliza kama programu yako inaweza kujua, utajua la kumjibu.

Wewe hutii sahihi uongo, nimeona. Sikuombi uongo.

Kaka

*

Jumatano, 12 Juni

Kitinda,

Sijui nikuite nani sasa. Mtu aliyemtoa mume wangu kazini, au aliyenizuia nisimwue mtu. Nikiamka ni la kwanza, nikilala ni la pili. Usije mwezi huu. Nitakapotaka uje nitakuambia, na nitakutaka, nipe muda.

Juzi nilipita pale. Yule bibi ameketi kibarazani na shuka mabegani. Akaniita, "Mama Kopi, mbona hunisalimii siku hizi?" Nikasalimia. Sauti yake imekuwa nyembamba kama ya kitoto.

Toka hapo kuna jambo haliniachi. Leo alikuja mteja kuchukua picha za pasipoti alizosahau. Akasema, "Siku ile ulinichelewesha, ulikuwa unabonyeza bonyeza kitu cha mumeo." Mimi. Nilikuwa nabonyeza mimi. Nimejaribu kukumbuka ni muda gani, ni mistari ipi, sikumbuki. Nakumbuka kicheko cha mteja tu. Nimemwuliza kaka yako, akasema ulishika kibodi dakika moja mwishoni, Jumapili huko, usijisumbue. Amejibu haraka mno.

Wewe una mafaili yote mawili. Hiyo programu yako inaona hata kisichoonekana. Je, inaweza kujua ni mkono wa nani?

Nijibu ukweli. Wewe ndiye pekee ninayejua hatanidanganya.

Mama Kopi

*

Alhamisi, 13 Juni

Wifi yangu,

Hapana, haiwezi. Inaonyesha mstari uliobadilika. Mkono haiuonyeshi. Nimeiendesha tena asubuhi hii kwa ajili yako, kwa kila amri ninayoijua, na imenipa mistari ile ile miwili.

Huo ndio ukweli wa programu, na ndio ulioniuliza.

Nimepata jina la daktari wa macho, na nimeomba ruhusa kazini nimsindikize kaka mimi mwenyewe. Nitapita dukani kumchukua, nitasimama nje kama hutaki niingie.

Lile swali, wifi, usiniulize mara ya pili.

Kitinda